Uhandisi ndani ya kipindi cha sayansi katika shule za umma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya walimu wa fizikia, kemia, baiolojia na hisabati wa sekondari za serikali nchini Tanzania, hasa shule za kata, ambako darasa limejaa na kabati la maabara lina vifaa vichache. Mkuu wa shule, mwalimu wa taaluma na mzazi nao watapata ya kwao humu.

Uhandisi ndani ya kipindi cha sayansi maana yake nini hasa?

Mada ni ileile iliyomo kwenye mtaala, ila somo linaanzia kwenye hitaji la mtu. Wanafunzi hubuni kitu cha kulijibu hitaji hilo, wakakitengeneza, wakakipima, kisha wakakirekebisha, na kila hatua wanatumia sayansi ya mada yenyewe. Jaribio la kawaida la maabara huuliza: hili likifanyika kutatokea nini, na kwa nini? Kazi ya uhandisi huuliza: tunataka hili litokee, tuna fedha kiasi hiki, vifaa hivi na siku hizi, tufanyeje?

Chukua wenzo. Tumezoea kuchora mstari, egemeo, mzigo na jitihada, halafu hesabu tatu ubaoni. Sasa toka nje ukatazame kibuyu chirizi cha shule. Kijiti cha kukanyagia ni wenzo, dumu linalopinduka lina egemeo lake, na kamba inapeleka kani kutoka mguuni hadi juu. Kwenye shule nyingi kamba imekatika, au dumu linamwaga maji mengi kuliko yanayohitajika kunawa. Tuseme shule ina wanafunzi 600, kila mmoja ananawa mara 3 kwa siku, na kila mara inatoka mililita 200. Hizo ni lita 360 kwa siku, na kuna mtu aliyezichota. Wakiweza kushusha kipimo hadi mililita 100 bila mikono kubaki na sabuni, wameokoa lita 180 kila siku. Kusogeza egemeo, kupunguza tundu, kubadilisha urefu wa kijiti, yote hayo ni momenti na shinikizo la maji, mada zilizomo tayari kwenye kitabu.

Hili lina tofauti gani na ufundi au VETA (mafunzo ya ufundi stadi)?

Ufundi humfundisha kijana kufanya kazi fulani vizuri kwa njia iliyokwisha thibitishwa: kuunga mbao, kuchomelea, kufunga waya za nyumba. Ni elimu yenye heshima yake. Shule za ufundi kama Tanga, Moshi, Ifunda, Iyunga na Mtwara zimeijengea nchi hii mafundi na wahandisi wengi. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, nao umeweka mikondo miwili ya sekondari, wa jumla na wa amali, yaani wa mafunzo ya kazi.

Tunachozungumzia hapa ni cha mwanafunzi wa mkondo wa jumla, yule ambaye huenda asishike msumeno maisha yake yote. Naye anahitaji kujua jinsi ya kulitazama tatizo, kuliwekea mipaka, kulipendekezea majibu zaidi ya moja na kuchagua kwa kipimo badala ya kuchagua kwa sauti ya anayeongea sana. Hiyo ndiyo sehemu ya uhandisi inayofaa kila mtoto.

Wazo hili limetoka wapi?

Kwa sura yake ya sasa, mfano unaotajwa sana ni wa Marekani. Mwaka 2001 jimbo la Massachusetts liliuweka uhandisi ndani ya viwango vyake vya sayansi tangu madarasa ya chini kabisa. Mwaka 2013 vikatoka viwango vipya vya sayansi vilivyoandaliwa na majimbo 26, navyo vikaupa usanifu wa kihandisi nafasi kando ya fizikia, baiolojia na sayansi ya dunia. Humo kazi imegawanywa sehemu tatu: kulifafanua tatizo na mipaka yake, kutafuta majibu na kuyalinganisha, kisha kuliboresha jibu lililochaguliwa.

Lakini tusiseme kwetu hakukuwa na kitu. Kenya ilianza mwaka 1998, kwa ushirikiano na Japani, mradi wa SMASSE wa kuwaimarisha walimu wa sayansi na hisabati. Msingi wake ulikuwa vitendo, mwanafunzi kuwa katikati ya somo, majaribio, na vifaa vya kujitengenezea. Leo mtaala wa umilisi wa nchi hiyo una masomo ya awali ya ufundi kwa sekondari ya chini, ambayo kundi lake la kwanza liliingia Gredi ya 7 mwaka 2023. Kwetu Tanzania kuna Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967. Nitaigusa mbele kidogo, maana inastahili jibu lake.

Je, ni somo jipya? Tutalipata wapi kipindi chake?

Si somo jipya, na usikubali mtu alifanye kuwa somo jipya au klabu ya Ijumaa mchana. Likiwa klabu, watakuja wale kumi wanaopenda tayari. Likiwa ndani ya kipindi cha fizikia, anakutana nalo kila mtoto, hata yule wa nyuma dirishani ambaye hajawahi kujiona ana kipaji chochote.

NECTA, yaani baraza la mitihani, haiulizi haya. Sitapoteza muda wa kumaliza mada?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na mwalimu anayeuliza ana haki. Shule hupimwa kwa matokeo, na wazazi hawatasoma taarifa ya mradi, watasoma daraja la matokeo.

Jibu langu lina sehemu mbili. Kwanza, usiongeze, badilisha. Tafuta kwenye azimio la kazi mada mbili tu kwa muhula ambazo kwa kawaida huzifundisha kwa vipindi vinne au vitano, uzifundishe kwa vipindi hivyohivyo kwa njia hii. Mada zinazokubali kirahisi ni mashine sahili, shinikizo, msuguano, uenezaji wa joto, mvuke na unyevu wa hewa, umeme wa betri, na sumaku-umeme. Kwenye kemia jaribu usafishaji wa maji na mada ya nishati na fueli. Mada kama mionzi ziache zilivyo. Kulazimisha kila mada iwe ya kubuni kitu ni njia ya haraka ya kulifanya jambo zima lichukiwe.

Pili, tazama mtihani wa vitendo wa fizikia unataka nini: kupanga jedwali lenye vizio, kurudia vipimo, kuchora grafu, kupata mteremko wake, kueleza vyanzo vya makosa. Mwanafunzi hufanya yote hayo kwa akili yake anapokuwa na sababu ya kutaka kujua jibu. Aliyepima mara tano ni kwa kani gani daraja lake la mabua linakatika hatasahau kuandika kizio cha nyutoni kwenye jedwali, kwa sababu kundi la pili lingemwuliza.

Kwa Kidato cha Nne baada ya mtihani wa utamilifu, acha. Huo ni wakati wa marudio. Anza na Kidato cha Kwanza na cha Pili, ambako kuna nafasi ya kupumua.

Shule yetu haina maabara wala fedha. Tutafanyaje?

Kosa kubwa ni kungoja roboti. Kazi nyingi nzuri za kiwango cha sekondari hutengenezwa kwa mabua ya mahindi au mtama, mianzi, chupa za plastiki, madumu, kamba za katani, udongo, mchanga, pamba, maboksi, betri kavu za volti 1.5, nyaya na balbu ndogo za tochi. Mahali pa kuweka fedha kidogo ni kwenye vya kupimia: mizani ya kuning'iniza, vipimajoto viwili au vitatu, futi kamba, jagi lenye alama za mililita. Saa ya kupimia sekunde iko kwenye simu yako.

Usiwaambie watoto walete fedha, wala usiwape kazi inayohitaji kununua kitu dukani. Mtoto asiye na shilingi mia tano atabaki nyumbani siku hiyo. Sharti la "tumia kilichopo tu" ni zuri pia kitaaluma, kwa sababu mhandisi yeyote duniani hufanya kazi ndani ya bajeti, na mpaka wa vifaa ndio unaomlazimisha mwanafunzi kufikiri.

Nipe mfano mmoja kamili, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Tuchukue chungu cha kupozea mboga. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990, Mohammed Bah Abba, mwalimu wa Nigeria aliyezaliwa kwenye ukoo wa wafinyanzi, alikisambaza sana kaskazini mwa nchi yake, na mwaka 2000 akapewa tuzo ya Rolex kwa kazi hiyo. Chungu kidogo huwekwa ndani ya kikubwa, katikati hujazwa mchanga, mchanga unalowanishwa, na juu hufunikwa kwa kitambaa kibichi. Maji yanapovukizwa kupitia kuta za chungu cha nje huchukua joto, na cha ndani kinapoa. Hakuna umeme.

Kipindi cha kwanza, wapeleke wanafunzi kwenye genge la mboga lililo karibu na shule, au mwite mwenye genge aje. Wamwulize nyanya na mchicha hukaa siku ngapi, anatupa kiasi gani kwa wiki, ana nafasi ya ukubwa gani, anaweza kutoa shilingi ngapi, maji anayapata wapi. Wakirudi waandike hitaji kwa sentensi moja na mipaka yake. Sentensi hiyo ni ngumu kuliko inavyoonekana. Makundi mengi huandika "kutengeneza friji la chungu", ambalo ni jibu, wakati hitaji ni mchicha usinyauke kabla ya jioni ya pili. Warudishie mpaka walitenganishe tatizo na jibu lake.

Kipindi cha pili ni sayansi. Fundisha mvukizo na joto fiche, yaani joto ambalo maji huchukua yanapogeuka mvuke. Kwa nyuzi 30 hivi, gramu moja ya maji ikivukizwa huchukua jouli 2,400 takribani. Kwa hiyo nusu lita ya maji ikivukizwa yote huchukua kilojouli 1,200, kiasi kinachotosha kushusha joto la lita 14 za maji kwa nyuzi 20. Wakishaipiga hesabu hiyo wenyewe watauliza: mbona basi chungu hakigandishi? Hapo ndipo unapoleta joto linaloingia kutoka kwenye hewa inayokizunguka, na unyevu wa hewa hiyo.

Na hapa kuna kipimo kidogo ambacho nakipenda kuliko sehemu nyingine yoyote ya kazi hii. Chukua vipimajoto viwili. Kimoja kiache kikavu, cha pili kifunge pamba iliyoloweshwa, vipepee vyote kwa daftari kwa dakika chache, kisha visome. Tofauti kati yao inakuambia, kabla hujagusa udongo, chungu chako kinaweza kupoa kwa kiasi gani kwa kadiri ya juu kabisa. Dodoma, mchana wa Septemba, tofauti inaweza kufika nyuzi 10. Tanga au Dar es Salaam wakati wa masika inaweza isizidi nyuzi 2 au 3. Chombo kilekile ni msaada mkubwa mahali pamoja na karibu hakina maana mahali pengine. Mwanafunzi wa Tanga anayegundua kwamba jibu hilo halifai kwao, na akaweza kueleza kwa namba kwa nini halifai, amefanya uhandisi kamili. Mpe alama zote, kisha mwambie atafute njia nyingine: kivuli, upepo, kufunga mafungu ya mchicha wima kwenye maji kidogo.

Kipindi cha tatu ni kutengeneza na kupima. Kila kundi liwe na chungu cha kulinganishia, kisicho na maji. Wasome joto asubuhi, saa sita na kabla ya kwenda nyumbani, na waweke majani ya mchicha yaliyopimwa uzito ndani ya kila kimoja. Kipindi cha nne wabadilishe jambo moja tu: chembe za mchanga, gunia badala ya kitambaa, mahali penye upepo. Wapime tena.

Usiikate duru hii ya pili. Muda ukibana, walimu wengi huiondoa kwa sababu vitu vimeshatengenezwa na vimeonekana. Lakini bila duru ya pili mmefanya sanaa ya mikono. Mtoto anajifunza uhandisi pale namba za mara ya kwanza zinapomlazimisha kubadilisha wazo aliloshikilia.

Nina wanafunzi 80 darasani. Nitawasimamia vipi?

Makundi ya watu watano, yaani makundi 16. Vifaa havitatosha makundi 16 kwa wakati mmoja, basi nusu wajenge wakati nusu wanapiga hesabu na kuchora, kisha wabadilishane. Vipindi viwili mfululizo, dakika 80, ni bora mara nyingi kuliko vipindi viwili vya dakika 40 vilivyoachana, maana kutoa na kurudisha vifaa hula dakika kumi kila mara. Zungumza na mwalimu wa taaluma mapema kabla ratiba haijabandikwa.

Kelele zitakuwepo. Mwambie mkuu wa shule siku moja kabla, naye awaambie walimu wa madarasa ya jirani.

Wavulana hushika vifaa, wasichana huandika. Nifanye nini?

Usingoje litokee ndipo ulirekebishe, kwa sababu hutokea kimyakimya ndani ya dakika tano za mwanzo. Gawa kazi kwa majina tangu siku ya kwanza: msimamizi wa vifaa, mpimaji, mwandishi, mkokotoaji, msemaji. Kila kipindi kazi zinahama. Kama darasa lako linaruhusu, jaribu makundi ya wasichana watupu kwa mradi wa kwanza. Msichana aliyekwisha kukata waya na kuunga saketi mwenyewe hatakubali kurudishwa kwenye kalamu.

Tazama pia matatizo unayoyachagua. Ukichagua magari na minara kila mara umekwisha kuamua nani atajiona yuko nyumbani. Kubeba maji, moshi wa jiko, kukausha dagaa, uzio wa bustani na mwanga wa kusomea usiku ni matatizo ya uhandisi mazito, na wasichana wengi wanayajua kwa undani kuliko mwalimu.

Nisahihishe vipi? Kitu kikishindwa kufanya kazi napata wapi alama?

Usitoe alama kwa uzuri wa kitu. Hata kwa kufanya kazi kwake usitoe nyingi. Kwa jumla ya alama 20, mgawanyo huu unafaa: alama 4 kwa kueleza hitaji na mipaka, 6 kwa kutumia sayansi kueleza uamuzi wao, 6 kwa vipimo vilivyorudiwa na kuandikwa vizuri, 4 kwa badiliko walilofanya baada ya kupima na sababu yake. Daraja lililovunjika mapema lakini lina jedwali safi na maelezo ya mahali lilipovunjikia na kwa nini linaweza kupata 17. Daraja imara lililojengwa na kaka wa nyumbani, bila kipimo hata kimoja, linapata 5.

Kazi mradi ina nafasi kwenye upimaji endelevu, kwa hiyo alama hizi hazipotei. Hifadhi madaftari.

Wanafunzi wabuni kwa lugha gani?

Sekondari tunafundisha sayansi kwa Kiingereza na mtihani ni wa Kiingereza. Hilo haliko mikononi mwa mwalimu wa darasani. Kilicho mikononi mwake ni kutambua kwamba mtoto wa Kidato cha Kwanza hawezi kubishana kuhusu mahali pa egemeo kwa lugha aliyoanza kuitumia darasani miezi mitatu iliyopita. Ukimlazimisha, atanyamaza, na aliyenyamaza habuni. Waache wajadiliane na kuchora kwa Kiswahili, wabishane kweli, kisha kundi liandike taarifa kwa Kiingereza kwa kutumia maneno ya kitaalamu uliyoyaweka ubaoni. Utashangaa jinsi Kiingereza chao kinavyonyooka wanapokuwa na jambo la kusema.

Mwanafunzi akileta jambo ambalo mimi mwalimu silijui?

Mkumbuke Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba mkoani Tanga, alikuwa akitengeneza askrimu na wenzake. Alitia mchanganyiko wake kwenye friji ungali moto, nao ukaganda kabla ya ule wa mwenzake uliowekwa bila kuchemshwa. Alipouliza, mwalimu alimwambia kuwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine alimwambia kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Hukohuko alimwuliza swali lilelile Dkt. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, ambaye aliporudi alilijaribu maabara. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, na jina la Mpemba likaingia kwenye fizikia ya ulimwengu mzima. Wanasayansi wanabishana juu yake hadi leo.

Swali lile lilitoka jikoni, kwa kijana aliyekuwa anatengeneza kitu na kutazama. Kazi za kubuni zitakuletea maswali ya aina hiyo kila wiki. Jibu la kutosha kabisa ni: "Tupime." Hakuna mwalimu anayepoteza heshima kwa neno hilo.

Usalama je?

Hapa sina mzaha. Umeme wa ukutani usiguswe, mradi wowote uwe wa betri kavu. Msifungue runinga kuukuu, chaja wala redio za umeme mkubwa, kwa sababu kapasita huweza kubaki na chaji baada ya kuchomolewa. Betri za gari zina asidi na risasi, ziacheni. Msichome plastiki wala kuiyeyusha ndani ya darasa. Visu na misumeno vihesabiwe kabla na baada ya kipindi, na anayekata akae, asisimame. Maji yaliyochujwa kwa kichujio cha mchanga walichotengeneza wanafunzi yasinywewe, hata yakionekana maangavu. Waeleze sababu, kwamba uangavu hauonyeshi vijidudu. Majaribio ya kupakia mzigo mpaka kitu kivunjike yafanyike chini sakafuni, miguu ikiwa mbali.

Je, tualike wahandisi na mafundi?

Ndiyo, lakini usimwalike aje kuhutubia. Mhandisi wa RUWASA (wakala wa maji vijijini) wilayani, fundi wa kuchomelea wa mtaani, mtu wa SIDO (shirika la viwanda vidogo) mkoani, wote watakuja ukiwaomba kwa barua ya shule. Mwombe kila mmoja alete tatizo moja alilokutana nalo kazini na aeleze alichojaribu kwanza kikashindikana. Watoto wetu wanadhani wakubwa wanapata jibu mara ya kwanza. Fundi anayesema geti lake la kwanza lilipinda kwa sababu alichomelea upande mmoja wote kabla ya kugeukia wa pili anafundisha upanukaji wa metali kuliko ukurasa mzima.

Hii si Elimu ya Kujitegemea ile ya zamani?

Ina damu yake. Nyerere alitaka shule isiwe kisiwa, na kazi ya mikono isitenganishwe na akili. Lakini kwenye shule nyingi ilikuja kubaki jembe na fyagio: wanafunzi walilima, wakafyatua matofali, wakarudi darasani kujifunza msongamano wa maada kana kwamba ni jambo la sayari nyingine.

Chukua tofali lilelile. Kabla ya kufyatua, tengenezeni kisanduku chembamba cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana na kina cha sentimita 4. Kijazeni udongo mbichi wa mahali penu, mkauache ukauke, kisha mpime umesinyaa kwa milimita ngapi. Udongo wenye mfinyanzi mwingi utasinyaa sana na tofali lake litapasuka. Ongezeni mchanga kwa kipimo, mpime tena. Tofali lililokauka liwekwe juu ya mawe mawili, mlipakie mzigo katikati hadi livunjike, muandike kilo. Fanyeni kwa michanganyiko mitatu na mchore grafu. Jasho ni lilelile, na shule inapata tofali bora.

Mthibiti ubora akija akakuta watoto nje na madumu?

Awe na cha kusoma: andalio la somo lenye umahiri mahususi uliotajwa kwenye muhtasari, mada, na vigezo vya upimaji. Kazi hizi zinaendana na mtaala unaodai umahiri, kwa hiyo mwalimu aliyeandaa vizuri hana cha kuogopa.

Shule ya msingi nayo inaweza?

Inaweza, na kwa namna moja ni rahisi zaidi kwa sababu lugha ni Kiswahili na mitihani haijabana sana. Punguza hesabu, ongeza kulinganisha. Paa la nyasi na paa la bati, lipi linapoza kibanda cha boksi juani? Kitambaa gani kinachuja maji ya matope vizuri zaidi? Darasa la sita wanaweza kukadiria maji ya mvua: darasa lenye paa la mita 7 kwa 9 lina mita za mraba 63, na mvua ya milimita 10 juu yake ni lita 630 kabla ya kinachopotea kwenye mifereji. Waulize tangi la shule lingejaa baada ya mvua ngapi.

Kompyuta na roboti hazina nafasi kabisa?

Zinayo, kama zipo na kuna mtu wa kuzitunza. Nimeona zikiletwa kwa sherehe na kufungiwa kabatini kwa kukosa betri. Anza na chenye kipimo, mengine yaje baadaye.

Vitu vilivyotengenezwa tuvifanye nini mwisho wa muhula?

Vile vinavyofanya kazi vipelekwe kwa mwenye hitaji: chungu kwa mwenye genge, kibuyu chirizi kirudi chooni kikiwa kimerekebishwa, na kundi lirudi baada ya wiki mbili kuuliza bado kinatumika au kimewekwa pembeni, na kwa sababu gani. Vingine vibomolewe na vifaa virudishwe stoo kwa ajili ya kidato kinachofuata. Madaftari yenye vipimo yabaki shuleni, yakiwa na jina la mradi na mwaka juu ya jalada, ili kundi la mwakani lianzie kwenye namba za wenzao.